Mtafiti kahama lini, kaenda wapi: tunavyomfuatilia na tunapokosea

Watu wakisikia tunatafiti watafiti wanacheka, eti sasa mnawachunguza wachunguzi, ila serikali na vyuo vinatoa hela nyingi kumpeleka mtu nje akasome au akafanye kazi miaka miwili mitatu na lazima wajue je alirudi, akirudi alipata kazi gani, na asiporudi ndo tumhesabu amepotea au vipi.

Njia inayotumika sana siku hizi ni kufuata makala zake. Kila makala ya kisayansi ina jina la mwandishi na chini yake taasisi anayofanyia kazi, kwahiyo unaingia kwenye kanzidata zinazokusanya taarifa za makala za kisayansi, kama Web of Science au Scopus iliyoanza 2004, unapanga makala za mtu mwaka hadi mwaka, ukikuta 2012 anaandikia Ureno na 2015 yuko Uholanzi unasema huyu kahama. Ni rahisi kuliko kumtumia kila mtu dodoso na unaweza kufuatilia mamilioni ya watu umekaa kitini.

Sasa shida. Makala inachelewa, mtu anafanya kazi maabara moja, anahama, makala inakuja kuchapishwa mwaka mmoja au miwili baadae keshazoea kwingine, so tarehe ya kuhama unayoipata ni ya kukisia. Wengine wanaandika taasisi mbili za nchi mbili kwenye makala moja, na profesa aliyealikwa miezi miwili tu anaweza kuonekana sawa na aliyebeba familia nzima na vyombo.

Alafu majina, hapa ndo panapoumiza kichwa. Majina ya Kichina yakiandikwa kwa herufi za Kilatini watu wengi wanageuka jina moja, kompyuta inawaunganisha unapata mtu mmoja anayeruka dunia nzima kila mwezi. Kinyume chake pia kipo, mtu mmoja anakatwa kuwa wawili, na wanaokatwa sana ni wale waliohama kweli, kwa sababu kompyuta inaangalia anwani ya taasisi kuamua kama ni yuleyule! Yaani kile unachokitafuta ndo hichohicho kinachompoteza mtu wako. Namba ya ORCID iliyoanza 2012, ile ya tarakimu 16 ambayo kila mtafiti anakuwa na yake peke yake, inasaidia, ila mwenyewe ndo anaijaza na wengi wanaifungua wanaiacha tupu.

Makala haijui uraia pia. Mara nyingi tunachukua nchi ya makala ya kwanza tunaiita nchi ya asili, sasa kijana aliyeenda nje kwa PhD akaandikia huko makala yake ya kwanza, siku akirudi kwao data inasema ni mgeni kaingia. Ukisoma ripoti inajisifu imepokea watafiti wengi wa kigeni, uliza kwanza huo ugeni wameupimaje.

Na aliyeacha kuandika je? Kaenda kiwandani, wizarani, kafungua biashara, kwenye kanzidata ni kama amekufa. Ndo maana madodoso hayajafa: Marekani tangu 1973 wanawafuatilia waliopata PhD za sayansi na uhandisi huko hata kama hawaandiki tena, na mwaka 2004 OECD (umoja wa nchi nyingi tajiri), Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) na kitengo cha takwimu cha UNESCO walianzisha mradi wa namna hiyo wa nchi nyingi.

Mchukue Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alisoma Cambridge, 1951 akarudi kufundisha Lahore, akajikuta hana wa kujadiliana nae, 1954 akarudi tena Uingereza. Kwenye jedwali huyo ni msomi aliyekimbia. Ila 1964 huyohuyo ndo kaanzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aje akae miezi kadhaa afanye kazi na wenzake alafu arudi kwao, asilazimike kuchagua. Nobeli akapata 1979. Jedwali lako litaandika nini hapo?

Kingine, utasikia waliohama wananukuliwa zaidi, yaani makala zao zinatajwa sana na watafiti wengine, kwahiyo kuhama kunamnoa mtu. Labda, lakini aliyechukuliwa nje si mara nyingi alikuwa tayari mzuri? Na kuhama kwenyewe mara nyingi ni masharti tu, mfano ufadhili wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie unataka uwe hujaishi nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Mwenye mtoto mdogo au mume mwenye kazi yake anaishia hapohapo, alafu data inamwandika kama hakupenda kuhama.

Mimi nikimaliza kuchora mistari yangu ya nani katoka wapi kaenda wapi, napenda kuwapigia simu wachache niwaulize kitu ambacho makala haiwezi kujibu: mkataba wako ungeongezwa, ungehama?