Kapeti juu ya zege ni zege tu: dhana potofu kuhusu viwanja vya kuchezea watoto

"Lakini daktari, pale chini si pana nyasi?" Nimeisikia tena wiki hii, kutoka kwa baba aliyembeba mtoto wa miaka mitano, kiwiko kimevimba, mkono umetundikwa shingoni kwa kanga. Nyasi alizokuwa akizisema ni kapeti ya kijani iliyogundishwa juu ya zege. Kazi yangu ni mifupa ya watoto, na kama kuna dhana ningetamani ife mwaka huu, ni hii.

"Nyasi bandia zinamkinga mtoto akianguka." Hapana. Kinachomkinga ni kitu kinachobonyea. Mtoto akidondoka kutoka mita 1.5, urefu wa kawaida kabisa kwenye mtelezo wa bustani, anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, na kasi hiyo lazima iishie mahali. Mchanga wenye kina unaimeza kwa kutawanyika. Kapeti nyembamba juu ya zege haimezi chochote, kwa hiyo mwili wa mtoto ndio unaoimeza. Akianguka hutanguliza kiganja, nguvu inapanda mkono mzima, na mfupa unakatika juu kidogo ya kiwiko, pale ulipo mwembamba. Wengi wa hawa tunawapeleka chumba cha upasuaji, mfupa ukashikiliwa kwa pini. Na hao wana nafuu kuliko aliyetanguliza kichwa.

Nyasi bandia zinazofaa zipo, lakini chini yake hulazwa sponji nene maalumu, inayochaguliwa kulingana na urefu wa chombo. Gharama yake si ya kapeti ya baraza, ndiyo maana wengi wanairuka. Mchanga ni rahisi zaidi na unafanya kazi nzuri. Viwango vya Ulaya vya EN 1176 vinataka sentimita 20 za mchanga kwa anguko la hadi mita mbili, pamoja na 10 za nyongeza kwa sababu miguu ya watoto huutawanya. Jumla 30. Uwe mchanga uliooshwa. Wenye udongo hugandamana baada ya mvua chache, ukabaki mgumu. Tena urudishwe mara kwa mara chini ya pembea na pale mtelezo unapoishia, maana hapo ndipo unapokwisha kwanza.

Wazazi wote wanaokuja kwangu nawaambia watembee na rula ya shule, ile ya sentimita 30. Ichomeke chini ya pembea. Ikigota kabla ya kufika sentimita 20, mtoto wako asipande, hata kama amelia na umeshalipia kiingilio.

"Dada hakuwa makini." Anguko la mita 1.5 huchukua kama nusu sekunde. Mama mwenyewe akiwa amesimama hatua mbili tu, hamdaki. Uangalizi unahitajika, sana, lakini nimeona wadada wakifukuzwa kazi kwa kosa la zege, na inaniuma.

"Nikimpakata kwenye mtelezo ndiyo salama." Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kinyume. Akiteleza peke yake, kiatu kikinasa pembeni, anasimama. Akiwa mapajani mwako, uzito wako unaendelea kushuka huku mguu wake umenasa, na mfupa wa muundi unapinda hadi uvunjike. Kama mtelezo ni mkubwa kiasi kwamba hawezi kuupanda mwenyewe, basi si wa umri wake. Mtafutie mfupi, usimame pembeni yake.

"Tujenge kikubwa, wadogo nao watakua." Bustani nyingi zina chombo kimoja kwa mtoto wa miaka miwili na wa kumi. Tazama nafasi kati ya nondo za kizuizi: kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego. Kiwiliwili cha mdogo kinapita, miguu ikitangulia, kichwa kinabaki huku ananing'inia.

"Chuma kinadumu." Kinadumu na kinaunguza. Vitabu vya wenzetu wa kaskazini vinashauri kuuelekeza mtelezo mbali na jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapita utosini, kwa hiyo dawa ni kivuli: mwarobaini, mkungu au turubai. Weka kiganja chako kwanza. Mdogo akiungua hajui kuinuka haraka. Hukaa hapohapo akilia.

Na mafundi, tafadhali: zege la kushikilia nguzo lizikwe chini kabisa, lifunikwe na mchanga. Nimeona mengi yamechomoza juu ya ardhi, yana kona, miguuni pa ngazi.