Je, wajua kwa nini ubongo huzibandika protini zake fosfeti, yaani vikundi vidogo vya atomi za fosforasi na oksijeni?

Seli ya neva inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo kwenda mguuni ina mkia mwembamba, aksoni, unaoweza kufika urefu wa mita moja. Kinachouimarisha ni mirija ya protini iitwayo mikrotubuli, yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, ambayo pia ndiyo njia ya kusafirishia mizigo ya seli. Protini nyingine, tau, iliyotambuliwa mwaka 1975, huishika mirija hiyo kama mataruma yanavyoshika reli.

Lakini mshiko huo lazima uweze kulegezwa, na seli haiwezi kuvunja tau kila mara na kuunda nyingine. Kazi ya kuulegeza na kuurudisha hufanywa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Kimeng'enya cha aina ya kinasi hukamata ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli na yenye fosfeti tatu, kikang'oa ile ya mwisho na kuifunga kwenye tau, mara nyingi kwenye serini au threonini, ambazo ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. ATP hubaki kuwa ADP, yenye fosfeti mbili. Sasa tazama kinachotokea: uso wa mikrotubuli una chaji hasi, na tau huishika kwa sehemu yake yenye chaji chanya. Fosfeti nayo ina chaji hasi, hivyo ikikaa hapo mvuto hupungua na tau huachia. Kimeng'enya kingine, fosfatasi, hutumia maji kuikata fosfeti hiyo, na tau ikashika tena.

Tau ndefu kuliko zote katika ubongo wa binadamu ina asidi amino 441, na 85 kati ya hizo zinaweza kupokea fosfeti. Ubongo ukiwa na afya, chache tu ndizo hujazwa kwa wakati mmoja. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, fosfeti hufika mara tatu hadi nne ya kawaida. Tau huachia mirija, hushikamana yenyewe kwa yenyewe, na kufanya mafundo ambayo Alois Alzheimer aliyaeleza nchini Ujerumani mwaka 1906.

Wengi wakisikia hivyo huilaumu fosfeti. Naona wanaionea. Tau ya mtoto aliye tumboni ina fosfeti nyingi kuliko ya mtu mzima mwenye afya, na ubongo wake unakua vizuri. Kindi wa ardhini wa Ulaya wananivutia zaidi. Wanapolala usingizi mrefu wa majira ya baridi, tau yao hujaa fosfeti kwa namna inayofanana sana na ya Alzheimer. Wakiamka, fosfeti zile huondolewa, wala hawabaki na mafundo.

Kwa hiyo la kuuliza ni kwa nini kwa mgonjwa fosfeti haziondolewi. Ndiyo maana watafiti wanaifuatilia sana PP2A, fosfatasi inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuitoa fosfeti kwenye tau ya binadamu: katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, utendaji wake umepimwa na kuonekana umeshuka.