Shingo ya gitaa la besi haina kiu

Juzi nimeletewa tena gitaa la besi lililopakwa mafuta ya nazi shingo nzima. Mwenyewe ni mpigaji mzuri, ila kaambiwa kwamba mti ukikauka unapinda, kwa hiyo aunyweshe. Nyuzi zilikuwa zinagonga freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, akapaka. Zikaendelea kugonga, akazidisha.

Mafuta hayanyooshi shingo! Shingo inapindishwa na nyuzi, ambazo zikiwa nne zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 80, na inachezeshwa na unyevu wa hewa unaoingia na kutoka ndani ya mti. Mvuke huo hausimamishwi na mafuta ya kupakwa juu. Nyuzi zikigonga, mara nyingi jawabu liko kwenye kile chuma cha ndani ya shingo. Kizungushe kidogo, kama robo mzunguko, kiache kitulie, upime tena kabla ya kuongeza.

Halafu, unapaka mti au unapaka vanishi? Hapa ndipo ninapochoka. Precision, gitaa la besi la kampuni ya Fender, la mwaka 1951 lilikuwa na shingo ya mti wa mepo, imepigwa vanishi hadi kwenye freti. Ubao wa mbele ya shingo, ule unaobonyezwa na vidole, wa mti wa roziwudi ulifuata mwaka 1959. Penye vanishi mafuta hayana pa kuingia. Yanakaa juu, yanakusanya vumbi na jasho, kidole kinanata. Kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu kinatosha, na mgongo wa shingo nyingi una vanishi hata kama ubao wa mbele uko wazi.

Kinachobaki wazi ni roziwudi, eboni na mpingo wetu. Mpingo ni mzito hata unazama majini. Hauna nafasi ya kunywa chochote. Huo weusi unaonata kando ya freti ni uchafu wa vidole, na dawa yake ni kuutoa. Kwangua taratibu kwa kadi ya plastiki, futa kwa kitambaa chenye nafta kidogo, mbali na moto. Ukigoma, tumia stilwaya laini kabisa, ya 0000, kufuata nyuzi za mti, lakini funika pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi, kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi, la sivyo sumaku zitanasa vumbi lote la chuma.

Baada ya hapo ndipo matone machache ya mafuta ya madini, dakika chache, ufute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mara moja au mbili kwa mwaka. Kusema kweli, nina shaka kama hata hayo yanaurefushia ubao maisha. Ninachokiona kwa macho ni rangi kukolea, na wateja wanaipenda.

Mafuta ya kupikia yanachacha. Ya nazi yanachelewa kuchacha, ila hayakauki kamwe, na kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, chini ya sentigredi 24 hivi, yanaanza kuganda kandokando ya freti.

Mafuta ya kitani ndiyo yanayokauka kweli, na kwa mgongo wa mepo usio na vanishi nayapenda kuliko vyote: mkono unateleza bila kunata. Paka tabaka jembamba, acha likauke siku kadhaa. Kitambaa ulichopakia usikikunje wala kukitupa kwenye pipa. Kinaweza kujipasha joto hadi kikashika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.