Gari Halili Kilomita

"Bosi, hii haili mafuta kabisa. Inakula kilomita 20 kwa lita."

Dalali alisema hivyo huku akipitisha kitambaa kwenye boneti, na jamaa yangu niliyemsindikiza akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Nikanyamaza, si gari langu. Wiki hiyohiyo fundi wangu wa gereji akanieleza, kwa sura ya mtu aliyefiwa, kwamba ulaji wa gari langu "umeshuka, toka 14 mpaka 10." Ingekuwa kweli umeshuka ningemnunulia soda.

Maana yenyewe ni fupi. Ulaji wa mafuta ni kiasi cha mafuta ambacho gari linachoma kwenda umbali fulani, na kwa kawaida huandikwa kwa lita kwa kilomita 100. Gari linalochoma lita 8 kwa kilomita 100 linakula kuliko la lita 6. Ukigeuza hesabu, yaani ukigawanya 100 kwa hizo lita, unapata umbali kwa lita: lita 8 zinakuwa kilomita 12.5 kwa lita. Namba ya kwanza ikipanda umeumia, ya pili ikipanda umepona. Basi.

Tatizo ni kwamba tumechukua jina la namba ya kwanza tukalibandika kwenye namba ya pili. Ulaji umetoka kwa kula, kama uvaaji kwa kuvaa na uendeshaji kwa kuendesha, na kwenye gari kinacholiwa ni mafuta. Hata mtu akiteuliwa kwenye cheo na mtaa mzima ukasema "kapata ulaji", kila mmoja anajua kinacholiwa ni nini. Kilomita haziliwi, zinakwendwa. Gari linakula lita na linakwenda kilomita. Ukisema "linakula kilomita 20" umevunja sentensi katikati, na ndiyo maana fundi wangu akaona kilomita 14 kwa lita zimekuwa 10 akasema ulaji umeshuka, wakati ulaji umepanda kutoka takriban lita 7 hadi lita 10 kwa kila kilomita 100. Wanaokimbilia neno "konsamsheni" wasidhani wamepona. Nalo lina maana ileile ya kula na kutumia, na nimesikia gari likisifiwa kwa kuwa na "konsamsheni kubwa, mpaka 18."

Nilitaka kulaumu Kiswahili chetu cha gereji, kisha nikakumbuka magari yenyewe yametoka wapi. Kama gari lako lilitumika Japani kabla ya kufika bandarini, huenda kwenye dashibodi kuna maandishi ya Kijapani usiyoyasoma na pembeni yake namba yenye km/L. Maandishi hayo mara nyingi ni heikin nenpi. Heikin ni wastani. Nenpi ni kifupi cha maneno marefu yenye maana ya kiwango cha matumizi ya mafuta: alama ya kwanza ni ya kuwaka, ya pili ni ya matumizi, ileile inayoandikwa kwenye maneno ya gharama. Kwa hiyo Mjapani naye ana neno linalotaja kutumia, halafu mbele yake anaandika kilomita kwa lita, na namba ikipanda anasema nenpi ni nzuri. Ila hasemi gari limekula kilomita.

Hapo pia ndipo ile 20 ya dalali ilipozaliwa. Si mwongo, amesoma karatasi. Kwa miaka mingi magari ya Japani yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa 10-15: gari linawekwa juu ya magurudumu ya maabara, injini ikiwa tayari ya moto, kwa sekunde 660. Safari nzima ni kama kilomita 4.2, mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Ukaja JC08, mgumu kidogo, ambao ulihesabu pia injini kuwashwa ikiwa baridi, kisha kuanzia 2018 vipimo vya WLTC. Gari la mwaka 2006 linalouzwa Dar leo lina namba ya 10-15. Halikupimwa likiwa na watu watano, kiyoyozi kimewashwa, foleni ya Mwenge haisogei.

Foleni, kwa kweli, inaumbua namba zote mbili. Gari lililosimama na injini inawaka linachoma mafuta bila kwenda popote, kwa hiyo umbali wake kwa lita ni sifuri na lita zake kwa kilomita 100 hazina mwisho.

Mtaniambia ni mambo ya lugha tu. Hapana, yanagusa mfuko. Chukua mtu aliyekwenda kilomita 200 barabara kuu akapata 16 kwa lita, kisha kilomita 200 za mjini akapata 8. Atakuambia wastani wake ni 12. Lakini za kwanza zimemla lita 12.5, za pili lita 25, jumla 37.5 kwa kilomita 400, sawa na 10.7. Kilomita kwa lita hazijumlishwi na kugawanywa kwa mbili namna hiyo. Lita zinajumlishwa.

Kubwa zaidi ni hili. Nyumba ina pikapu ya kilomita 5 kwa lita na kigari cha 15. Pikapu ikitengenezwa ikafika 6, hakuna atakayeshangilia. Kigari kikibadilishwa na cha 20, wote wanapiga makofi. Sasa hesabu kwa kilomita 100: pikapu imetoka lita 20 hadi 16.7, imeokoa 3.3. Kigari kimetoka 6.7 hadi 5, kimeokoa 1.7. Ile kilomita moja ya pikapu imeshinda tano za kigari, mara mbili. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Larrick na Soll, waliandika juu ya kosa hili mwaka 2008 kwa maili na galoni zao, na karatasi zinazobandikwa kwenye magari mapya ya Marekani tangu modeli za 2013 zinaonyesha pia galoni kwa maili 100.

Ukitaka kujua la kwako, jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida yako, rudi kituo kilekile, jaza tena mpaka ijikate. Lita ulizoongeza, gawanya kwa kilomita ulizokwenda, zidisha kwa 100. Rudia mara tatu nne ujumlishe lita zote na kilomita zote, maana kujaza mara moja kunaweza kudanganya kwa lita moja hivi. Usipime kwa "niliweka ya 20,000 taa ikawaka": taa si kipimo, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo 20,000 ya Machi si lita za Aprili. Na ukiwa umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, odometa yako inahesabu pungufu.

Kupunguza hakuna siri. Upepo wa tairi uwe sahihi, keria isiyobeba kitu ishuke, usikanyage mafuta kukimbilia taa nyekundu. Kutoka mwendo wa 80 hadi 110 ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Nawaomba tu madereva wanaotoa gia kwenye mteremko "kubana mafuta" waache. Injini nyingi za sindano za mafuta, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, zinakata mafuta kabisa. Ukitoa gia zinalazimika kuyachoma ili zisizimike, na pale kwenye mteremko wa Kitonga umebaki na breki peke yake.

Nilipomrudia fundi sikumkosoa mbele ya vijana wake. Nilimuuliza tu, "Fundi, kilichoshuka ni lita au ni kilomita?" Akafikiri kidogo, akasema kilomita. Nikamwambia basi ulaji umepanda. "Si ndicho nilichosema," akajibu, akafungua boneti.