Ukifungwa macho, mwili nao unakuponyoka kidogo

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, kazi yangu kila siku ni kuwasimamisha watu tena, na hili jambo nimetaka kuliandika siku nyingi maana naona wagonjwa wanateseka nalo na hakuna aliyewadokeza mapema. Mtu akifungwa bandeji macho yote mawili, hata kama ni siku 2 tu, kila mtu anamwandaa kwa giza, usiogope, utazoea. Hakuna anayemwambia kwamba hata mwili wake ataanza kuupoteza poteza.

Kuna mama mmoja aliumia macho akafungwa yote mawili. Siku ya pili nikaenda kumnyanyua, akakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote zimegusa sakafu, mimi naziona kabisa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi miguu yangu imefika chini kweli? Mbona naisikia iko mbali?" Alikuwa anaogopa kwamba anaanza kuchanganyikiwa, na usiku mzima alikaa na hiyo hofu bila kumwambia mtu.

Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Ubongo haujui tu wenyewe kwamba mguu uko hapa na mkono uko pale, unakusanya habari kila sekunde, kutoka kwenye macho, kwenye sikio la ndani linalopima kichwa kimeinamaje, kwenye vihisi vidogo vidogo vilivyo ndani ya misuli vinavyosema msuli umevutika kiasi gani, na kwenye ngozi, hasa ya nyayo. Sasa hao wote wakitoa habari ubongo una mtu wake unayemwamini zaidi, na mara nyingi ni macho. Mwaka 1998 watafiti Botvinick na Cohen walionyesha hili vizuri sana: unaficha mkono wa mtu, unamwekea mkono wa mpira mbele yake, unaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja, na baada ya muda mfupi anaanza kuhisi ule wa mpira ndio wake. Yaani macho yana nguvu kiasi hicho. Kwa hiyo yakiondoka ghafla, wale wengine inabidi wabebe kazi ambayo hawajawahi kuibeba peke yao.

Jaribu hii, ila simama karibu na ukuta na awepo mtu wa kukudaka. Bana miguu pamoja, kunja mikono kifuani, fumba macho. Utasikia vifundo vya miguu vinaanza kucheza, vidole vinang'ang'ania sakafu, mwili unayumba. Kuyumba kidogo ni kawaida. Daktari Romberg wa Ujerumani aligundua karne ya 19 kwamba wagonjwa walioharibika uti wa mgongo wakifumba macho wanaanguka kabisa, na mpaka leo tunapima hivyo hivyo kwa jina lake.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba ukitulia sana gizani ndio unaharibu. Vihisi vya kwenye misuli vinaripoti vizuri mwendo kuliko utulivu, mkono ukikaa palepale muda mrefu bila kuuona, picha yake inafifia na kuhama, unadhani uko hapa kumbe uko sentimita kadhaa pembeni. Uchezeshe kidogo tu, unarudi. Kwa hiyo yule mama nilimwambia mama, kabla hujashuka kitandani chezesha vidole, kunja magoti, kanyaga chini mara kadhaa kwa nguvu. Akafanya, akanyamaza kidogo, akasema "haya, imerudi."

Halafu ile habari kwamba ukifungwa macho masikio yanakuwa makali papo hapo, hapana, ni wewe tu umeanza kuyasikiliza. Lakini ubongo wenyewe unabadilika kweli, tena haraka. Kuna watu wazima wanaoona vizuri walifungwa macho siku 5 mfululizo, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona ikaanza kuitikia mguso wa vidole, na ndani ya siku moja baada ya kufunguliwa hali ile ikaisha. Mimi hili linanigusa kila nikilifikiria.

Sasa cha kufanya kama unamhudumia mtu wa hivi. Mpe kitu cha kugusa. Watafiti Jeka na Lackner mwaka 1994 walipima wakakuta ncha ya kidole kimoja ikigusa tu kitu kisichotikisika, mguso mwepesi usioweza kubeba uzito wowote, inapunguza kuyumba sana. Kidole hakimshikilii, kinaupa mwili habari. Kwa hiyo kiti kizito karibu na kitanda, mkono ukitembea ukutani, akanyage peku kama sakafu ni kavu na salama.

Na tafadhali msimsukume kwa nyuma wala kumburuta mkono, naona ndugu wanafanya hivi kwa upendo kabisa na mgonjwa anakakamaa mwili mzima. Tangulia nusu hatua, yeye ndiye akushike wewe juu kidogo ya kiwiko. Hapo ukigeuka anakusikia unavyogeuka, ukishuka ngazi anajua kabla mguu wake haujafika.