Boya Jekundu Halimaanishi "Simama"

Jioni moja nikiwa kwenye mwalo wa Deep Sea hapa Tanga nasubiri boti zishushe samaki, nilimsikia kijana akimfundisha mwenzake aliyekuwa mgeni wa bahari: "Maboya ni kama taa za barabarani. Jekundu ni hatari, kaa mbali. La kijani, pita." Alisema kwa moyo wote, na mwenzake akaitikia. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wavuvi na wasafiri wa hapa Tanga wanavyozielewa alama za baharini, na majibu yamenitia wasiwasi. Haya nayaandika kwa ajili ya kijana yule na wenziwe.

Rangi ya boya haitoi amri, inataja upande. Katika sehemu yetu ya dunia, yaani Afrika, Ulaya, Australia na sehemu kubwa ya Asia, chombo kinachoingia bandarini kutoka bahari kuu huliacha boya jekundu kushoto kwake na la kijani kulia. Kikitoka, mambo hugeuka. Njia ni hapo katikati. Kwa hiyo anayelipita la kijani upande wowote autakao, kwa imani kwamba kijani ni ruhusa, anaweza kutoka nje ya njia na kupanda mwamba huku akijiona mtiifu. Na baharia wa Tanga akipata kazi kwenye meli inayokwenda Marekani, Japani au Ufilipino, huko atakuta mpangilio umepinduliwa: akiingia bandarini, jekundu ndilo la kulia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Tanga tunapaswa kulijua kuliko wengine. Ghuba yetu huingiwa kwa kuelekea magharibi. Ukirudi alasiri, jua liko usoni, na kila boya mbele yako ni kivuli cheusi. Hapo rangi haina faida, umbo ndilo linalosema: jekundu huwa na kichwa bapa kama pipa, la kijani huchongoka kama pia ya kuchezea watoto. Rangi huchujuka kwa jua na chumvi, umbo halichujuki.

Maboya meusi na manjano ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Wengi huyaita "ya mapambo", au hudhani yanaonyesha mahali pa kutegea nyavu. Hayo ni maboya ya pande nne za dunia, na kila moja linakwambia upite upande gani wake. La kaskazini, pita kaskazini yake. La kusini, pita kusini yake. Juu yake kuna alama mbili nyeusi zilizochongoka kama pia: zote zikielekea juu ni kaskazini, zote chini ni kusini, zikipeana migongo ni mashariki, na zikikutana ncha, kama ngoma iliyobanwa kiunoni, ni magharibi. Usiku mwanga wake hufuata uso wa saa ya ukutani: mashariki humweka mara 3, kusini mara 6 kisha mmweko mmoja mrefu, magharibi mara 9, na kaskazini humweka mfululizo bila kupumzika. Tahadhari moja kwetu sisi Waswahili: hesabu tarakimu kama zilivyoandikwa kwenye saa, usizisome kwa saa zetu. Pale penye 3 sisi tunasema saa tisa, na mwanafunzi akichanganya hapo atalitafuta boya la magharibi mahali pa la mashariki.

"Boya likishawekwa, hatari imekwisha"

Dhana hii imeua watu. Mwezi Januari 1971, katika mlango bahari wa Dover kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongana na meli nyingine na kuzama. Siku iliyofuata meli ya Kijerumani, Brandenburg, iliupanda mzoga ule nayo ikazama. Mahali pale pakawekwa alama. Hata hivyo mwezi Februari meli ya Kigiriki, Niki, ilipita hapohapo, ikagonga, ikazama na watu wake wote. Kwa jumla walikufa watu 51. Alama zilikuwapo, lakini alama huokoa pale tu anayeziona anapoelewa zinasema nini. Wakati ule duniani kulikuwa na mifumo ya maboya zaidi ya 30, kila nchi na lugha yake. Msiba ule ndio uliosukuma mataifa kutafuta mfumo mmoja, na mwaka 1980 yakakubaliana juu ya huu tunaoutumia leo, wenye kanda mbili tu, A, ambayo ni yetu, na B, ile ya Marekani, Japani na Ufilipino. Siku hizi mzoga mpya huwekewa boya la pekee lenye mistari ya bluu na manjano, na taa yake hupokezana rangi hizohizo mbili. Ukiiona bluu na manjano baharini, jua kuna kitu chini ambacho huenda bado hakijaingia kwenye ramani yoyote.

Boya pia si jiwe. Limefungwa kwa mnyororo, nalo huzunguka na maji yajaapo na yapwapo, na dhoruba inaweza kulivuta au kulikata kabisa. Nahodha makini hulilinganisha boya na vitu visivyohama: mnara wa taa wa kisiwa cha Ulenge, ncha ya kisiwa, jengo la mjini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mnara ule umebaki kuwa ukumbusho wa enzi za Wajerumani. Mnara umejengwa juu ya ardhi, hauchukuliwi na mkondo. Na kila mnara una mdundo wake wa mwanga ulioandikwa kwenye ramani, ili usiuchanganye na mwingine.

"Simu yangu ina GPS, ramani za nini?"

GPS inakwambia ulipo. Haikwambii chini yako kuna nini. Kilichoko chini kilipimwa na watu, na sehemu nyingi za pwani za dunia zilipimwa zamani kwa bildi, ile timazi ya risasi iliyofungwa kamba na kushushwa mpaka chini, pima kwa pima. Kati ya timazi moja na nyingine kunaweza kuwa na mwamba ambao hakuna aliyeugusa. Isitoshe, ramani kuukuu zilichorwa kwa vipimo vya dunia tofauti na vile GPS inavyotumia, na tofauti yake inaweza kufika mita mia na zaidi. Mita mia, kwenye miamba yetu ya matumbawe, ndiyo tofauti ya maji marefu na mbao zilizopasuka. Ramani ya kawaida ya simu, ile ya kutafutia hoteli, baharini ni rangi ya bluu tu.

Halafu kuna maji yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Tanga maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwamba uliopita juu yake asubuhi bila kuuona, baada ya takriban saa sita unakungoja. Wazee walijua hilo kwa kuutazama mwezi. Siku hizi kuna jedwali la maji kujaa na kupwa pia, na sioni aibu yoyote ya kutumia vyote viwili.

"Meli kubwa inatuona"

Nimelisikia neno hili mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalonitisha zaidi, hasa sasa. Zamani meli zilitia nanga mbali na gati na mizigo kushushwa kwa matishari. Njia ya kuingilia bandari ya Tanga imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na meli kubwa zinakuja mpaka gatini, zikipita karibu na watu waliozoea kutupa nyavu hapo tangu utotoni.

Hebu simama kwa mawazo kwenye chumba cha nahodha wa meli iliyojaa makontena. Kanuni za kimataifa zinakubali sehemu ya bahari mbele ya omo, yaani pua ya meli, isionekane kutoka pale juu, mpaka mita 500 au urefu wa meli mara mbili, kipi ni kidogo. Ngalawa iliyo mita 300 mbele yake huenda imekwisha kutoweka machoni pake. Rada nayo hurudishiwa mwangwi hafifu na mbao, na kwenye mawimbi ya upepo wa kusi mwangwi huo humezwa. Mtambo wa AIS, unaoitangaza meli jina na mwendo wake, ngalawa haina. Na hata ukionekana, meli yenye shehena haisimami kama basi. Huhitaji kilomita nzima na zaidi.

Wengine husema, "Sisi tuna tanga, wao wana injini, lazima watupishe." Bahari wazi, ndiyo. Ndani ya njia nyembamba, hapana: chombo cha tanga, chombo kisichofika urefu wa mita 20 na chombo kinachovua havitakiwi kukizuia kile kisichoweza kupita kwingine.

Taa kali za kuvulia dagaa nazo zimeleta imani yake, kwamba ukiwaka sana umetambulika. Nuru nyeupe tupu haimwambii mtu wewe ni nani wala unaelekea wapi. Inaweza hata kuifunika taa ndogo ya boya iliyo nyuma yako na kukupofusha wewe mwenyewe. Chombo kinachovua kwa nyavu zisizokokotwa na injini huonyesha taa nyekundu juu na nyeupe chini yake. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, kikishindwa kuweka taa za kawaida, kanuni zinakitaka kiwe na tochi nyeupe mkononi na kuionyesha mapema. Tochi moja, ambayo karibu kila nyumba inayo.

Juu ya utabiri nitasema machache. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani ya Tanga, halafu ufukweni Sahare pakawa shwari, watu husema wamedanganywa. Tangazo lile ni la eneo zima la bahari, na nje ya miamba hali ni nyingine kabisa.

Na simu ya mkononi si badala ya redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini. Simu humfikia mtu mmoja, kama mtandao upo. Mwito wa chaneli 16, ile ya dharura, husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyowashwa.

La mwisho ni lile la kusema taa ya boya ikizimika, bandari watajua wenyewe. Mara nyingi wa kwanza kujua ni mvuvi anayetoka alfajiri. Nahodha wa meli kubwa anafungwa na mkataba wa kimataifa wa usalama baharini kutoa habari ya hatari aliyoiona, na sisi wenye mashua tunaweza kufanya vivyo hivyo kwenye ofisi ya bandari au TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Haihitaji karatasi ndefu: boya gani, liko wapi, saa ngapi, umeona nini. Tusifunge mashua zetu kwenye maboya, wala tusinyamaze tukimwona mtu aking'oa betri ya taa. Kutokana na sentensi ile moja ya mvuvi tangazo hutoka, husomwa redioni, hutumwa kwa maandishi kwa vyombo vilivyo njiani. Na kwenye meli ambayo bado iko mwendo wa siku mbili kutoka Tanga, afisa wa zamu huchukua penseli, kwa kuwa habari ni ya muda, akaandika kando ya alama ile kwenye ramani yake: haiwaki.