Shilingi 17,000 zinavyomponza mwajiri wa Mombasa

Mwenye nyumba za kupangisha kule Nyali humlipa msafishaji wake shilingi 17,000 kwa mwezi, akalala usingizi mnono. Kasikia kima cha chini ni elfu kumi na sita na ushei, akaona yeye kashavuka. Hajavuka, na makosa mengi ya mishahara tunayokutana nayo hapa mjini yanafanana na lake.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, ilipopandisha viwango kwa asilimia 6, iliweka shilingi 16,113.75 kwa mfanyakazi wa kawaida katika miji mikuu, Mombasa ikiwamo. Mfagiaji, yaya, mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani, bawabu wa mchana, wote wamo katika kundi hilo. Lakini hizo ni pesa za msingi tu. Juu yake huja marupurupu ya nyumba, asilimia 15, isipokuwa kama umempa mfanyakazi malazi yanayofaa. (Godoro stoo, kati ya mapipa ya rangi, si malazi.) Asilimia 15 hapo ni shilingi 2,417.06, kwa hivyo jumla inafika 18,530.81. Bwana wetu wa Nyali anapungukiwa na shilingi 1,530.81 kila mwezi. Mfanyakazi ana miaka mitatu ya kudai, na pengo hilo likidumu muda wote huo, deni linapita elfu hamsini na tano.

Utetezi tunaousikia kila mara ni kwamba "tulikubaliana." Mapatano ya chini ya kima hayana nguvu: sheria inahesabu kiwango cha amri kana kwamba kimeandikwa ndani ya mkataba, hata kama mfanyakazi alitia sahihi kwa furaha. Anayelipa pungufu anaweza kutozwa faini, kufungwa, na bado akaamriwa kulipa tofauti yote.

Marupurupu ya nyumba usiyachanganye na tozo ya nyumba za bei nafuu. Ile ni asilimia 1.5 anayokatwa mfanyakazi, nawe unaongeza kiasi kicho hicho kutoka mfukoni mwako, zote zikaenda serikalini. Kuna mwajiri aliyenionyesha risiti za tozo hiyo kwa fahari, akidhani ndiyo kamaliza habari ya nyumba.

Saa za ziada nazo zina hesabu yake. Chini ya amri ya jumla, wiki ya kazi ni saa 52 kwa siku sita. Ili kupata bei ya saa moja, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Kwa mfano wetu ni kama shilingi 71.60. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani kama 107. Siku ya mapumziko au sikukuu ya umma, ikiwamo Idd-ul-Fitr, hulipwa mara mbili. Sahani ya pilau ni ukarimu wako, haihesabiwi. Mahoteli, kampuni za ulinzi na maduka yana amri zao, kwa hivyo isome ya sekta yako kwanza, na kama kuna mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, usome na huo.

Kibarua naye asikudanganye kwa jina. Ukimlipa kwa siku lakini siku zake za kazi mfululizo zikafika mwezi mmoja, sheria inaweza kumtambua kama mfanyakazi wa mwezi, pamoja na haki zinazofuata.

Kuhusu makato: ukishatoa kodi na michango ya lazima, unaweza kukata siku ambazo hakuja bila ruhusa, hasara aliyoisababisha kwa makusudi, au upungufu wa pesa alizokabidhiwa kuzitunza na zikapotea kwa uzembe wake. Glasi iliyoteleza mkononi haimo. Na makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Mwisho wa mwezi mpe hati ya malipo inayotenga msingi, nyumba, saa za ziada na kila kato. "Jumla 17,000" iliyoandikwa kwenye daftari haimsaidii mtu, kwa sababu kesi ikifika mahakamani na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe. Ukigundua leo kwamba umekuwa ukilipa pungufu, piga hesabu ya miezi yote, lipa kupitia benki au M-Pesa, na hati ya malipo hayo uiandike tarehe ya siku uliyolipa.